Betri ya Sola: Dhamana ya Miaka Mitatu Ina Uzito Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina banda la kuonyesha mpira kijijini kwetu, Ukerewe, ambako nguzo za umeme bado hazijatufikia. Nilikuwa natumia betri ya gari, nayo imekufa kabla ya mwaka kwisha. Sasa nimeonyeshwa betri mbili za sola huko Mwanza, zote za ampea-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri hubeba): moja ina dhamana ya mwaka mmoja, nyingine ya miaka mitatu na bei yake imezidi kwa karibu theluthi. Je, dhamana hiyo inastahili kulipiwa? – Msomaji, Ukerewe.

JIBU: Ndugu msomaji, dhamana ina maana, lakini kwa hali yako si jambo la kwanza la kuangalia. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, kwa sababu kazi yake ni kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache tu za kuwasha injini, ilhali betri ya sola ina sahani nene zinazostahimili kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha na kuchajiwa tena kesho yake. Hata hivyo, nayo ikiwa ni ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, na hapo ndipo penye tatizo lako.

Tuchukue runinga ya wati 80 na king'amuzi cha wati 15 kwa saa nne, pamoja na taa sita za wati 7 kwa saa tano. Jumla ni wati-saa 590, na ukiongeza kinachopotea ndani ya invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha runinga, utakaribia 700. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na nusu yake ni 600 tu. Kwa hiyo kila usiku wa mechi utaizidishia mzigo, tena invata nyingi, ambazo hufungwa moja kwa moja kwenye betri, hazikati umeme mpaka volti zifike karibu 10.5, wakati betri imekwisha kabisa. Ikilala katika hali hiyo, chembe ngumu za salfeti hugandia kwenye sahani, na uwezo unaopotea hivyo kwa kawaida haurudi wote.

Sasa soma karatasi ya dhamana kwa makini. Kwa kawaida hulinda kasoro za kiwandani, na huondoa waziwazi betri iliyokaushwa, iliyoachwa bila chaji, au iliyopasuka kwa kuangushwa. Betri yako ikifa kwa kuzidiwa mzigo, miaka mitatu hiyo haitakusaidia, na fundi wa duka atalitambua hilo kwa kupima. Uliza pia kama utapewa betri mpya, au utapunguziwa bei kulingana na miezi iliyobaki, kwa maana tofauti yake ni kubwa katika mwaka wa tatu. Uliza ni nani anayewajibika, duka au mwagizaji, na nani atalipa nauli ya kuvusha mzigo wa kilo karibu 30 kwenye kivuko kwenda na kurudi.

Ushauri wangu ni kwamba ununue ampea-saa 200, na uhakikishe paneli zako zinatosha kuijaza kwa siku moja. Kabla ya kulipa, tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye kasha na umwombe muuzaji aipime mbele yako: betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.7, na ikisoma chini ya 12.4 imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa. Ukifika nyumbani iweke mahali penye hewa, mbali na joto la bati, kwani kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Nunua pia kipimo kidogo cha volti ukining'inize ukutani, kikisoma 12.1 baada ya kuzima kila kitu na kuiacha betri itulie, ujue umefika nusu.

Betri mbili zenye ukubwa huo zikilingana kwa mengine yote, chukua yenye miaka mitatu, mradi muuzaji aandike namba ya betri na tarehe kwenye risiti na kuipiga muhuri. Akikataa, nunua ile ya mwaka mmoja, na fedha zinazobaki uziongeze kwenye paneli.