Noah ya mabaki ya bima, naingiaje nayo barabarani?

SWALI: Habari kaka, niko Majengo, Moshi. Nimenunua Noah ya ajali, bima walishamlipa mwenyewe wakaiuza kama mabaki. Fundi kashanyoosha bodi na inawaka fresh, nikate bima nianze kutembea?

JIBU: Dada yangu subiri kwanza, anza na makaratasi. Bima ikishamlipa mwenye gari thamani yote ya gari, mabaki yanakuwa yao, kwa hiyo barua ya mauzo itoke kwao sio kwa dalali, ushike na kadi orijino, halafu uende TRA na TIN yako kubadili umiliki. Kabla ya hapo chukua tochi ulinganishe namba ya chesesi na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, ukiona alama za msasa au weldingi pembeni yake usiendelee. Na kama injini imebadilishwa, namba mpya lazima iingie kwenye kadi.

Halafu ipeleke kwa trafiki wa ukaguzi, ila nakuomba sana, kabla hujapakia watoto washa swichi uangalie taa ya airbag (mifuko ya hewa inayokukinga kwenye ajali), inatakiwa iwake kidogo izime. Isipowaka kabisa huenda kuna mtu kaichomoa ili usijue kwamba airbag zilishafumuka. Mikanda nayo ivute kwa ghafla, isiposhika badilisha.

Bima ukikata waambie ukweli kwamba gari lilishapata ajali, ukificha wanaweza kukataa kukulipa siku ya shida.