Mguu usiouma

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma mara tatu. Unataka kujua kama ununue vile viatu maalumu vya wenye kisukari, kwa kuwa vidole vimeanza kufa ganzi. Kwenye viatu nitafika. Kwanza niambie: leo umezitazama nyayo zako?

Sikusuti, mwanangu. Nakuuliza kwa sababu ya soksi ya baba yako.

Wewe unakumbuka hospitali na vile vidole viwili alivyokatwa. Yaliyotangulia huyajui. Jioni ile alirudi kazini kama kawaida, akavua viatu, tukaongea. Nilipofua nguo nikakuta doa la rangi ya kutu kwenye soksi ya kulia, ile ya kijivu. Lilikuwa limekauka hata kitambaa kikakakamaa. Nikasema moyoni, rangi ya kiatu hii. Nikalisugua kwa sabuni hadi likatoka, nikaanika.

Siku ya nne nikasikia harufu. Nikamwambia anipe mguu, nikaugeuza. Chini ya kidole gumba, pale palipokuwa na sugu siku zote, palikuwa pametoboka. Nikatia mkono ndani ya kiatu: msumari wa soli ulikuwa umechomoza, ncha yake inang'aa kwa kukanyagwa. Siku zote hizo alikuwa akiukanyaga! Nikamuuliza, hukusikia? Akanitazama kwa mshangao. "Mbona hauumi?"

Ndiyo maana nawaambieni hadi mnachoka kunisikia: mguu usiouma ndio wa kuutazama. Sukari ikishaharibu mishipa ya fahamu, hakuna maumivu ya kukuita. Na mishipa ya damu ikiziba, hata mchubuko mdogo unakosa damu ya kuuponya.

Wakati mwingine najiambia kosa ni langu, doa niliona mimi. Kisha nakumbuka alivyokuwa akihudhuria kliniki kila mwezi, anapimwa sukari, anapimwa presha, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia avue viatu. Kisha nasema, si na yeye alikuwa na macho? Lakini macho yenyewe yalikuwa yameshafifia. Nilikuwa nimeandika hapa nani wa kulaumiwa. Nimeufuta mstari huo, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Basi kila usiku weka kioo sakafuni, uinue unyayo juu yake. Tazama visigino, tazama katikati ya vidole. Ukiosha miguu, pima maji kwa kiwiko, si kwa mguu wenyewe, kisha kausha vizuri katikati ya vidole. Mafuta paka juu na chini, vidoleni katikati usipake, maana unyevunyevu hapo huozesha ngozi. Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Na kila unapovaa kiatu, tia mkono kwanza.

Sugu nakuomba usiiguse kwa wembe, wala usiweke zile dawa za kuchoma. Baba yako alikuwa akiichonga mwenyewe akijisifu kwamba ngozi yake ni ngumu. Sugu inakuonyesha mahali uzito unapoelemea, na nyama inaweza kuchubuka chini yake wakati juu pameonekana pazima. Mwachie mtaalamu wa miguu aipunguze. Ukiona lengelenge, wekundu au joto upande mmoja kuliko mwingine, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa viatu. Ulimi unaniwasha nikwambie nunua kesho, lakini mguu wako sijauona. Nenda wakupime kwa ule uzi wa nailoni unaopinda ukigandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, huku umefumba macho. Ukikutwa na ganzi, huenda kupimwa mara moja kwa mwaka kusitoshe. Waulize urudi baada ya miezi mingapi. Kama vidole vimepinda, au sugu inarudi palepale, viatu maalumu vina kazi kubwa. Kama umbo la mguu ni zima, huenda kiatu cha kawaida kinachokukaa sawa kikatosha: kiache sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu, na ukijaribu jioni, umesimama, miguu ikiwa imevimba. Hilo uamue na watakaokupima.

Lakini soksi sikuachii uamue. Nunua nyeupe.

Mama yako