Ubongo wa CNC umekufa: mota na draivu nazo zitupwe?

SWALI: Tuna mashine ya milingi ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya mwaka 1984 yenye mota za servo (zinazorekebishwa kwa taarifa za mwendo wake) za DC kwenye mihimili ya X, Y na Z. Skrini haiwaki na kadi zake hazipatikani tena. Fundi mmoja anashauri tung'oe kila kitu tufunge mota za stepa, zinazozunguka kwa hatua ndogondogo. Tumfuate? – Msomaji, Thika

JIBU: Msing'oe kabla ya kupima. Katika mashine za umri huo, mara nyingi ubongo (kompyuta ya kuongozea) hufa huku mota na draivu (vifaa vinavyozilisha umeme) zikiwa nzima. Stepa hupungukiwa nguvu kadiri kasi inavyopanda, na ikiruka hatua bila enkoda (kihisi kinachohesabu mzunguko), kompyuta haina habari. Mtagundua kipande kimeshaharibika.

Zimeni umeme, subirini dakika 10, halafu pimeni volti kwenye kapasita kubwa za draivu, maana huweza kubaki na chaji hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Fungueni mkanda kati ya mota na skrubu ya gololi, ile inayosogeza meza. Kwenye Z, tegemezeni kichwa kwa gogo kwanza. Mkanda ukitoka, kinaweza kushuka chenyewe.

Sasa ungeni betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye terminali za amri ya kasi, kisha washeni draivu na kuipa ishara ya kuiruhusu. Kasi kamili ni volti 10. Kama draivu imewekwa mizunguko 2,000 kwa dakika, mota izunguke kama 300, laini, bila kushtuka. Mkigeuza betri, irudi upande wa pili kwa kasi ileile. Ikifyatuka kwa kasi kamili, kateni umeme mara moja: huenda waya wa takometa (kihisi cha kasi ya mota) umekatika au umegeuzwa. Ikikwamakwama, kagueni brashi kabla ya kuilaumu draivu.

Zikifaulu, kinachohitajika ni ubongo tu: kompyuta yenye LinuxCNC, programu ya bure ya kuongozea mashine, na kadi ya Mesa 7i77 ikiwa na kadi mama kama 5i25. Hiyo 7i77 hutoa amri 6 za volti -10 hadi +10 na kusoma enkoda 6. Haisomi risolva (kihisi cha mzunguko cha aina nyingine), kwa hiyo hakikisheni mlicho nacho ni enkoda kabla ya kulipa.

Skeli, yaani hesabu za enkoda kwa kila mm, ipigeni wenyewe. Enkoda ya mistari 1,000 hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko, kwani kila mstari huhesabiwa mara 4. Skrubu ikisogeza mm 5 kwa mzunguko, na mkanda ukiizungusha sawasawa na mota, ni hesabu 800 kwa mm.

Kosa linalovunja mashine ni la alama ya chanya na hasi. Amri chanya ikitolewa, hesabu ya enkoda lazima ipande. Ikishuka, kompyuta itazidi kusukuma kadiri inavyokosea, na meza itakimbia hadi ijigonge mwisho. Jaribuni hili mkanda ukiwa bado nje, na kosa la kufuatilia (tofauti kati ya mahali palipoamriwa na mahali halisi) liwekeeni kikomo cha mm 1. Kitufe cha dharura nacho kikate kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya draivu kwa waya. Programu ipewe taarifa tu.

SWALI: Tumeshabadilisha, lakini kila spindo (mhimili unaozungusha kisu) ikiwaka mashine inasimama na kuandika kosa la kufuatilia. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Huenda ni kelele za umeme za inveta (kifaa kinachobadili kasi) ya spindo zinazoingia kwenye waya za enkoda. Zitenganisheni na nyaya za mota, angalau sentimita 20, na zikikutana zipishane kwa pembe mraba. Kinga (wavu wa chuma unaozunguka waya) ya enkoda iungeni ardhini upande wa kabati peke yake. Ile ya waya wa mota ya spindo iungeni pande zote mbili.