Re: Mipapai inageuka manjano kwenye timbo la zamani
Kaka, umesema majani machanga ndio yanaanza kuwa manjano na mishipa inabaki kijani, basi hiyo ni njaa ya chuma, timbo likishachimbwa udongo wa juu wote umeenda unabaki na chokaa ya matumbawe tu, na chokaa ikizidi mizizi haiwezi kuvuta chuma hata kama kipo. Pale Haller Park Bamburi, Mombasa, bustani iliyokuwa timbo la kiwanda cha saruji, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti 1971 juu ya jiwe tupu, mti wa mvinje ukashika kwa sababu mizizi yake inapata naitrojeni ya hewani, halafu wakaletwa jongoo wakala majani makavu mpaka udongo ukatokea, mimi nikipita pale nafurahi sana. Wewe chimba mashimo mapana ujaze samadi iliyooza, na jivu usitie kabisa, litazidisha hiyo chokaa!