Re: Mwenyeji wangu wa Addis Ababa amekosea tarehe?

Hajakosea, dada, hata kama barua yake inaonyesha mwaka uliokwisha kupita. "Saa 3 asubuhi" aliyokuandikia ni hiyo hiyo yako: Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia macheo. Na huo mwaka 2017 kwenye barua ni wa kalenda yao, yenye miezi 13, iliyo nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8. Mwaka mpya wao huangukia Septemba 11, mara nyingine 12.

Kuwa makini na tiketi tu, hiyo ni saa za kizungu. Mimi niliona 02:00 nikaenda asubuhi, ndege ishapaa usiku!

Barua ikiwa ya viza, waulize ubalozini kwanza. Usibadili tarehe mwenyewe.

Ukikaribishwa kahawa, usinyanyuke baada ya kikombe kimoja. Ni vitatu.