Re: Mpagazi wangu anafunikwa na Livingstone

Salaam ndugu. Umesema kila ukimwandikia mpagazi wako riwaya yake, Livingstone, yule mpelelezi Mskoti, anaiteka. Kagua kwanza sura ya kwanza: inaanza na tukio la nani? Mimi ningeanza baada ya kifo cha Livingstone, 1873, kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo. Hapo wapagazi ndio wanaoamua. Mwili unatiwa chumvi, unakaushwa juani, unaviringishwa kwenye gome la mti, kisha safari hadi Bagamoyo, Februari 1874. Mpe deni, mke anayemngoja, bega lililochubuka. Riwaya yangu ya mpishi wa msafara ilipata uhai pale tu nilipojua alikuwa akidaiwa na nani. Chuma na Susi, wale watumishi maarufu wa Livingstone, wapite kwa mbali, wakikaa sana nao watamfunika. Na tarehe za kitabu chako cha kwanza usiziguse, wasomaji wanazikumbuka.