Maswali na majibu: Wagiriki wa Cairo na sigara za Misri

Safari iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu kiwanda cha sigara cha Nestor Gianaclis, Mgiriki aliyehamia Cairo. Sikutarajia maswali mengi hivi. Nayajibu kama yalivyoingia.

Mwalimu, shikamoo. Kwenye sanduku la marehemu babu, aliyekuwa mpishi wa mlowezi wa Kigiriki, nimekuta kopo la bati la sigara lenye picha ya piramidi. Mgiriki na Misri wapi na wapi? (Kiboriloni, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Litunze kopo hilo, watoto wasilichezee. Wagiriki wa enzi zile walitawanyika kutafuta riziki. Huku kwetu walikuja tangu wakati wa Mjerumani, baadhi yao wakiwa makandarasi wa reli, kisha wakashika mashamba ya kahawa na mkonge. Wengine walielekea Misri. Gianaclis alifika huko mwaka 1864, na mwaka 1871 akafungua kiwanda ndani ya jumba la Khairy Pasha mjini Cairo. Majeshi ya Waingereza yalipoingia mwaka 1882, maofisa wakazipenda sigara zake, na haikuchukua muda zikaanza kusafirishwa hadi Uingereza. Dola ya Uturuki nayo iliiweka biashara ya tumbaku mikononi mwa kampuni moja mwaka 1883, jambo lililowapa Wagiriki na Waarmenia wengi sababu ya kuhamia Misri.

Tumbaku yenyewe ililimwa Misri? Nauliza kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima wa Urambo. (Ngaramtoni, Arusha)

Ya sigara hizi haikulimwa huko, na hapa ndipo kisa chote kilipo. Jani lilitoka Uturuki, Makedonia na nchi jirani. Mwaka 1890 serikali ya Misri ilipiga marufuku kabisa kilimo cha tumbaku, ili kila jani lipite bandarini na kutozwa ushuru.

Sasa Umisri wa sigara hizo ulikuwa wapi? Ulikuwa mikononi mwa watu. Kulikuwa na wachanganyaji waliojua jani lipi lioane na lipi, na wasokotaji waliozisokota moja moja kwa mkono. Desemba 1899 wasokotaji wa Cairo waligoma, na mgomo wao unahesabiwa miongoni mwa migomo mikubwa ya mwanzo katika Misri ya kisasa. Kwangu mimi hao ndio waliojenga sifa ya Gianaclis na wenzake, ingawa kwenye kopo liliandikwa jina la tajiri peke yake.

Lakini jani linalotoka ng'ambo, yeyote mwenye fedha anaweza kulinunua. New York alikuwapo Mgiriki mwingine, Anargyros, aliyeanza kwa kuagiza sigara za Misri, kisha akatengeneza zake hukohuko Marekani, kama Murad na Helmar, kwa sura ileile ya Mashariki. Mwaka 1913 R.J. Reynolds wakatoa Camel: ngamia, mitende na piramidi kwenye pakiti, ndani jani la Kimarekani lililochanganywa na kiasi cha la Kituruki. Zilitengenezwa kwa mashine na bei yake ilikuwa nafuu. Picha ya Misri ikaendelea kuuza sigara, na Cairo haikupata kitu.

Kwa hiyo Camel ndiyo iliyowaua wenye viwanda wa Cairo? (Majengo, Moshi)

Si peke yake. Vita Kuu ya kwanza iliwagusa vibaya, maana sehemu kubwa ya jani ilitoka kwenye dola iliyokuwa adui wa Uingereza. Isitoshe, askari walizoea sigara za Virginia, aina ya jani la Kimarekani, na baada ya vita wavutaji wengi hawakurudi kwenye ladha ya Kituruki. Ndugu yangu wa Ngaramtoni, Virginia ndiyo hiyohiyo tumbaku ya mvuke, ile ya kukaushwa kwa joto bila moshi, anayokausha mzee wako.

Lile jumba bado lipo? (Moshi)

Lipo, kwenye uwanja wa Tahrir. Baada ya sigara liliingia Chuo Kikuu cha Misri kilichoanzishwa mwaka 1908, kisha likawa la Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo.

Mwalimu, haya ya Misri yanatuhusu nini sisi? (Sanawari, Arusha)

Yanatuhusu. Kampuni yetu ya sigara, TCC ya Dar es Salaam, ilipobinafsishwa mwaka 1995 aliyeingia ni Reynolds, walewale wa ngamia. Mwaka 1999 wakauza biashara yao ya nje ya Marekani kwa Japan Tobacco. Sigara inaua, na simshauri mtu aiguse. Lakini mkulima wa Urambo anayepeleka mzigo wake sokoni ana haki ya kujua jani lake linaingia kwenye ukoo gani.

Nawe wa Kiboriloni, geuza kopo la babu utazame chini na pembeni. Kama limeandikwa Cairo, au limeandikwa New York, niandikie. Nitangoja.